Safu ya Pili ya Kitabu cha Mvua

Siku Nicolaus alipofariki, mvua ilikuwa milimita kumi na moja na nusu. Hilo halina ubishi, maana aliliandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, saa tatu kamili asubuhi, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na tisa. Akaisuuza bilauri ya kupimia, akaitundika kifudifudi kwenye kijiti chake, akachukua simu yake ya kitochi na kwenda kusimama penye ua wa michongoma, pale ambapo mtandao hushika. Akarudi. Akaandika tena kitu kidogo kitabuni. Akaomba chai. Salome, mkewe, alipotoka jikoni na kikombe alimkuta ameegemea nguzo ya baraza kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Ile chai ilikaa mezani hadi jioni, ikafanya utando, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuimwaga.

Kipima mvua chenyewe ni kopo la shaba lenye mdomo wa faneli, limefukiwa nusu ardhini nyuma ya nyumba, mbali na mti wowote. Kilikuwa mali ya shamba la mkonge, enzi ambazo kambi yao, nje kidogo ya Korogwe, ilikuwa bado na karani, zahanati na king'ora cha asubuhi. Ofisi ya kambi ilipofungwa, meneja alimwambia Nicolaus, "Beba hiki kidude, hakuna mwingine atakayekitaka." Akakibeba. Babu yake aliletwa kutoka Tabora kama manamba, kukata mkonge wa watu; baba yake alizeekea kwenye mkonge huohuo; yeye akaona kwamba katika mali yote ya shamba lile, fungu lake ni mvua.

Msibani walikuja watani. Mzigua na Mnyamwezi ni watani wa tangu na tangu, na mtani mkubwa wa nyumba ile alikuwa Mwaija, mzaliwa wa Handeni, jirani yao wa laini ya chini, ile safu ya nyumba tisa za zamani za wakata mkonge zilizo karibu na mto. Mwaija alivaa kofia ya marehemu, akaling'oa kopo la mvua, akayamwaga maji yaliyokuwemo, kisha akaanza kupita kati ya waombolezaji na ile bilauri, akiwawekea chini ya macho.

"Huyu milimita mbili!" alitangaza kwa sauti ya Nicolaus. "Ubwabwa sahani tatu, machozi milimita mbili! Huyu hapa sifuri, andika sifuri! Baba, ulikuja kuzika au kuangalia maturubai?"

Watu wakavunjika mbavu huku wanalia. Alipofika kwa Salome aliiweka bilauri chini ya kidevu chake, akainama na kufumba jicho moja, vilevile Nicolaus alivyokuwa akisoma, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akasema polepole, "Mtani, hii imefurika. Sina namba yake."

Salome akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile, halafu kicheko kikageuka.

Kwa hiyo siku nne za kitabu hazina kitu. Siku ya tano wageni walipotawanyika, saa tatu ilifika ikaikuta nyumba kimya, na Salome hakujua saa ile huwekwa wapi. Akatoka nyuma, akalirudisha kopo mahali pake, na kesho yake akapima. Hakuwa akiipenda mvua kuliko mtu mwingine. Alichotaka ni kuona lile jambo dogo likiendelea kufanyika.

Ndipo alipokutana na safu ya pili.

Kila ukurasa wa kitabu ulikuwa na safu ya tarehe, kisha namba ya mvua. Lakini kuanzia miaka sita nyuma, pembeni ya namba ile palikuwa na namba nyingine, haina jina wala kichwa cha habari, na mara nyingi kubwa kuliko ya kwanza. Hapa tano, pale ishirini na saba. Hapa sifuri, pale kumi na nne. Kipima mvua kilikuwa kimoja. Namba ya pili ilitoka wapi? Salome alikwenda nyuma ya nyumba akatafuta, akidhani labda mzee alifukia kopo jingine mahali. Hakuna. Siku ya mwisho yenyewe, pembeni ya kumi na moja na nusu, palikuwa na thelathini na mbili. Baada ya hapo safu ya pili ilikuwa wazi, mstari baada ya mstari, na kila asubuhi Salome alipoijaza ya kwanza, ile ya pili ilimtazama.

Wiki ya sita baada ya maziko, katikati ya masika, zikaja habari za kimbunga.

Zilikuja kwanza kwenye simu ya Iddy, mtoto wa Mwaija, kijana wa bodaboda aliyekuwa na bando muda wote hata akikosa mafuta. Alimsimamisha Salome njiani.

"Shikamoo mama Deo. Umeona hii?"

"Marahaba. Nioneshe."

Kwenye kioo palikuwa na chaneli ya mtandaoni inayoitwa Moto wa Habari, na mtu asiyeonekana sura akizungumza kama anayefukuzwa na mbwa. Alisema kimbunga kinakuja kuifuta Tanga kwenye ramani. Kwamba Korogwe na Handeni hakutabaki bati. Kwamba serikali inaficha. Nyuma ya sauti yake minazi ilikuwa inalala chini, paa la jengo kubwa likaruka kama karatasi, magari yakasukumwa barabarani na maji.

"Rudisha hapo kwenye magari," Salome alisema.

Iddy akarudisha.

"Mbona yanapita kulia?"

"Yanapita wapi?"

"Kulia, baba. Yote. Sisi tunaendesha kushoto. Hiyo barabara si ya kwetu."

Iddy aliitazama simu yake kama mtu aliyeuziwa kipande cha sabuni kilichopunjwa. "Lakini mama, upepo si ni uleule?"

Salome alirudi nyumbani, akawasha redio. Habari za hali ya hewa zilikuwa fupi, zilisomwa na mwanamke asiye na haraka. Kimbunga kipo baharini. Kinasogea kuelekea pwani. *Huenda* kikasababisha upepo mkali na mvua kubwa katika mikoa ya pwani, na mvua kubwa kwenye maeneo ya miinuko. Wananchi wafuatilie taarifa. Salome alihesabu "huenda" tatu. Kwa Iddy hakuisikia hata moja. Akajiuliza: mtu anayejua zaidi ndiye anasema "huenda", na asiyejua ndiye anasema "lazima"? Alilibeba swali hilo siku nzima kama mtu anayetembea na kijiwe kwenye kiatu.

Mwanawe, Deogratius, ambaye ni mwalimu Handeni, alipiga simu jioni.

"Shikamoo mama. Funga mizigo, kesho nakuja kukuchukua. Huku hakuna mto."

"Marahaba. Na huko si wamesema hakutabaki bati?"

"Mama, usicheke. Watu huku wamenunua mishumaa yote mjini."

"Mishumaa ya kimbunga? Itawaka kwenye upepo?"

Deogratius akacheka bila kupenda. "Basi sema mwenyewe. Utabaki?"

"Mimi niko laini ya juu, maji hayajawahi kunifikia. Ninaowawazia ni wa chini. Swaumu ana siku kumi na mbili tu."

Swaumu alikuwa binti wa Mwaija. Mumewe anauza machungwa pale Segera, naye alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi. Alikuwa ndani na mtoto wake wa kiume, na ndani kwa mzazi maana yake ndani: siku arobaini, mlango umerudishiwa, moto wa mkaa pembeni, uji wa pilipili manga. Mzazi hatolewi nje kwa maneno ya simu. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya mwisho kabisa, hatua thelathini kutoka mtoni. Hilo ndilo lililomkosesha Salome raha. Kimbunga cha ramani nzima hakikumpa shida. Shida ilikuwa mlango mmoja.

Kesho yake, Ijumaa, kambi nzima ilikuwa inafunga mapaa. Kwenye ghala la zamani yalibaki mafundo ya kamba za katani, na Iddy na wenzake waliyagawa bure. Walipitisha kamba juu ya bati, wakaivuta hadi chini, wakaifunga kwenye vigingi, wakaikaza kwa kuning'inia watu wawili wawili, mpaka ukiigusa inalia kama uzi wa zeze.

Salome alishuka kutazama. Kitu kimoja kikamjia.

"Mmeilowesha?"

"Nini, mama Deo?"

"Kamba. Mzee alipokuwa akifunga banda la kuku, alikuwa anaichovya kwanza kwenye ndoo."

"Kuilowesha ya nini," Iddy alisema juu ya paa, "na mvua inakuja yenyewe?"

Wakacheka wote, na Salome akacheka nao, kwa sababu kwa kweli hakujua. Miaka yote ile alimwona mumewe akichovya kamba ndani ya ndoo na hakuwahi kumuuliza sababu. Kuna mambo ya mtu unaishi nayo mpaka yanakuwa kama rangi ya ukuta.

Sababu ilijulikana saa kumi jioni. Mvua ilianza, manyunyu tu, mvua ya kulowesha kanga. Kamba ya katani ikinywa maji hunenepa, na ikinenepa hufupika. Wazee waliozaliwa kwenye singa, nyuzi za mkonge, walilijua hilo. Wajukuu zao mkonge wanaufahamu kwa kuuona pembeni ya barabara. Zile kamba zilizokazwa zikiwa kavu zikaanza kuvuta. Bati zililia, misumari ikatoka, na banda la jiko la Mwaija, ambalo nguzo zake zilikuwa zimeliwa na mchwa, likapiga magoti kama ngamia, kisha likalala chini na masufuria yake.

"Kimbungaaa!" mtu akapiga kelele.

Laini nzima ikatoka mbio. Wengine walilala kifudifudi kwenye matope kama walivyoelekezwa mtandaoni. Mama mmoja alikimbia na godoro kichwani, bila watoto. Mwaija alisimama katikati ya uwanja na mwiko mkononi, manyunyu yakimdondokea, jani la mpapai halitikisiki, akauliza kwa sauti kubwa: "Kimbunga gani hiki kinachobomoa jiko langu na hakizimi kibatari?"

Kulikuwa na mtu aliyepiga picha. Haikupita saa mbili jiko la Mwaija likatokea Moto wa Habari. Iddy alileta simu kwa mikono miwili, kama anayebeba uji wa moto. KIMBUNGA CHAANZA KUUA KOROGWE. Kumi na wanne wahofiwa kufa.

Mwaija alilitazama jiko lake. Aliliona sufuria lake lenye mpini mmoja. "Mimi ni wa ngapi?" aliuliza.

"Wapi, mama?"

"Katika hao kumi na wanne. Nataka nijue nimekufa wa ngapi, nisije nikampita mtu kwenye foleni."

Kicheko kilizunguka kambi nzima, na ndani ya kicheko kile imani yote ikayeyuka. Jumamosi asubuhi jua lilichomoza safi. Redio ilisema kimbunga kimepungua nguvu kabla ya kufika nchi kavu. Watu walishusha mawe kwenye mapaa, wakakata kamba, wakarudisha vyombo. Aliyekimbia na godoro alipewa jina la Mama Godoro hapohapo. "Uongo mtupu," walisema, na wakaizima redio pia, kwa kuwa hasira haichagui. Kwa hiyo sentensi ya mwisho ya yule mwanamke asiye na haraka hakuisikia mtu isipokuwa Salome: mvua kubwa zinaendelea katika maeneo ya miinuko.

Saa tatu alipima. Sita. Akaandika sita, na safu ya pili ikamtazama.

Miinuko. Akanyanyua macho. Kaskazini, juu ya Usambara, hapakuwa na mlima. Palikuwa na kitu cheusi kilichokalia mahali pa mlima.

Alirudi kwenye kurasa za zamani, mahali safu ya pili inapoanzia. Namba ya kwanza kabisa iliandikwa kwa wino mwingine, mweusi, kama iliyochelewa kuongezwa. Ilikuwa tarehe ya Novemba. Mvua ya nyumbani: sifuri. Safu ya pili: mia moja ishirini na moja. Na pembeni, kwa mwandiko mdogo wa Nicolaus, palikuwa na maneno machache. Salome aliyasoma mara mbili.

Akafungua sanduku na kutoa simu ya marehemu. Ilikuwa imezimwa tangu siku ya msiba. Aliiweka kwenye chaji, ikawaka, na ikaanza kutetemeka juu ya meza kama mende aliyepinduka: ujumbe baada ya ujumbe wa mtandao, umepigiwa, umepigiwa, umepigiwa. Saa tatu na dakika tano. Saa tatu na dakika tano. Kila siku, namba ileile. Kwenye orodha ya majina Nicolaus aliiandika: DINDIRA.

Aliichukua hadi penye ua wa michongoma, akasimama mahali ambapo majani yalikuwa yamechakaa kwa kusimamiwa na mtu mwingine, akapiga.

"Nicolaus!" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima. "Baba wewe! Siku arobaini na tatu!"

Salome alihisi masikio yakipata moto. Mwanamke. Kila asubuhi, miaka sita, mwanamke.

"Mimi ni mkewe," alisema. "Salome."

"Ah. Mama. Na yeye yuko wapi?"

Hakujua aanzie wapi, akaanzia mwisho. "Tumemzika."

Upande wa pili palikuwa na mlio tu, kama mchele unaomwagwa juu ya bati bila kukoma. Ilimchukua Salome muda kuelewa kwamba ni mvua.

"Mimi nilidhani nimemuudhi," yule mwanamke alisema hatimaye. Kiswahili chake kilikuwa na mteremko wa Kishambaa. "Juzi yake nilimtania kwamba anasoma vibaya, kwamba jicho moja linadanganya. Nikasema, amekasirika huyu. Poleni, mama. Poleni sana. Naitwa Bernadina. Mimi hupima mvua huku, nilianza kwa ajili ya chai, sasa hata sijui napima kwa ajili ya nani. Mwaka ule maji yalipoingia kambini kwenu, alipanda mwenyewe mpaka huku Dindira, na viatu vimejaa matope, anauliza nyumba kwa nyumba: nani anapima mvua hapa? Tangu hapo."

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Namba, mama. Akisema tisa, nasema ishirini. Halafu, haya, siku njema. Miaka sita, sijui hata kama alikuwa mrefu au mfupi. Nilimwona mara moja, na kulikuwa na mvua."

Salome alitaka kucheka na hakuweza. "Alikuwa mfupi," alisema. "Siku ya mwisho je?"

"Kumi na moja na nusu. Mimi nikasema thelathini na mbili. Halafu akasema kifua kimembana kidogo, anakwenda kunywa chai."

Hilo Salome hakuwa analijua. Alishika tawi la mchongoma, akaliachia.

"Na leo?" aliuliza. "Leo kwako ni ngapi?"

"Leo mia thelathini na nane, na inanyesha bado, unaisikia. Ndiyo maana nimempigia mara tatu. Yeye alikuwa na hesabu yake: ikivuka mia kwangu, kabla jua halijageuka sana maji yanakuwa kwenu. Huchukua muda wa saa sita, sita na nusu, tangu kupima. Wewe uko juu au chini?"

"Juu."

"Wa chini waondoe."

Salome alishuka na kitabu kwapani. Ilikuwa yapata saa nne, jua zuri, Mwaija amekaa juu ya mabaki ya jiko lake akimenya muhogo, na majirani wawili watatu wakipiga soga.

"Mtani," Salome alisema, "mtoe Swaumu na mtoto, mje kwangu."

Mwaija hakunyanyua kichwa. "Na wewe umefungua chaneli?"

Wakacheka.

"Hata Mnyamwezi akishiba atatangaza kimbunga," Mwaija aliendelea. "Mzazi wangu ana siku kumi na nne, nimtoe nje apigwe na upepo kwa sababu gani? Jana tumekufa kumi na wanne. Leo unataka wangapi?"

"Sikuletei kimbunga. Kimbunga kimekwisha. Nakuletea namba mbili. Hapa kwetu tangu jana, sita. Dindira, mia thelathini na nane, na haijakatika."

"Dindira na sisi wapi na wapi? Wale wanalima chai kwenye mawingu."

Salome hakuwa na maneno makali ya kusema, na alijua kwamba maneno makali yalikuwa yamekwisha kutumika yote Ijumaa. Akakaa chini, juu ya bati lililopinda, karibu na rafiki yake.

"Mwaka ule maji yalipoingia ndani mwako. Unakumbuka hali ya hewa ilikuwaje siku ile?"

"Naikumbuka vizuri sana. Jua. Jua la kupasua mawe. Nilikuwa nimeanika makopa yangu ya muhogo pale, gunia zima, nikaja kuyakuta yanaogelea kama bata." Mwaija akasita, kisu kikiwa katikati ya muhogo. "Jua," alisema tena, taratibu.

Salome alifungua kitabu, akamwekea kidole. "Hii ni sisi: sifuri. Hii ni Dindira: mia ishirini na moja. Na hapa soma mwenyewe."

Mwaija aliusogeza ukurasa mbali na macho yake, akasoma kwa midomo. *Maji laini ya chini saa tisa. Makopa ya mtani yote.*

Akasoma tena. Majirani wakasogea karibu, maana Mwaija akiacha utani ni lazima kuna jambo.

"Aliniandika?" aliuliza.

"Alikuandika."

"Makopa yangu, kwenye kitabu cha mvua. Mnyamwezi huyu." Akajifuta mikono kwenye kanga, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Na mara mbili baadaye alikuja hapa asubuhi na jua lake, anasema mtani usianike chini leo. Nikamwambia aende akapime mkojo wa kuku. Na mara zote mbili maji yalinifikia kizingitini." Akasimama. "Leo yatakuja, una hakika?"

"Sina," Salome alisema. "Huenda. Nina namba mbili tu. Nikikosea, jioni utanicheka mbele ya watu, na uji wa mzazi nitapika mimi."

"Uji utaupika hata usipokosea," Mwaija alisema, akaingia ndani.

Swaumu alitoka akiwa amefunikwa kanga nne, kichwa mpaka miguu, mtoto ndani kama kifurushi kisichotakiwa kuonekana na jua wala na jicho. Mwaija alimtangulia na mwavuli, kisha akageuka, akaweka mkono kiunoni, akaiita laini nzima kwa majina na kwa aibu za kila mmoja. Hakutaja kimbunga. Alisema Nicolaus ameandika. Wengi walikuja kwa ajili ya hilo jina, wengine kwa kuona mzazi wa siku kumi na nne anapanda kilima. Mtu hamtoi mzazi kwa mchezo. Iddy alipandisha wazee na magunia kwa pikipiki, safari baada ya safari. Mama Godoro alileta godoro.

Mpaka saa nane walikuwa bado wanataniana uani kwa Salome, wengine wameanza kunung'unika kwamba wamesahau kufunga mbuzi. Salome alikoroga uji na hakutazama chini. Hakuna aliyemwona akihesabu saa kwa vidole ndani ya mfuko wa gauni lake.

Saa tisa kasorobo sauti ilikuja kabla ya kitu chenyewe, kama lori linalopanda mlima kwa gia ndogo. Kisha mto ukatoka kwenye njia yake. Ulikuwa wa kahawia, umebeba migomba mizima, magogo na majani ya milimani ambayo hayaoti huku chini, na jua lilikuwa linaung'aria vizuri tu. Uliingia nyumba ya mwisho kwanza, kupitia mlangoni, kama mwenye nyumba. Ukafika madirishani. Ukalichukua jiko la Mwaija, bati na mwiko, safari hii kweli.

 Mtoto alilia ndani, Swaumu akamnyonyesha.

Iddy alipiga picha zote, akawatumia Moto wa Habari. Walimjibu upesi: kuna waliokufa? Akaandika: hakuna. Wakamwambia asubiri kidogo. Anasubiri hadi leo.

Jumatatu maji yalikuwa yamerudi mtoni, yameacha tope la kufika magotini. Salome alipiga simu Dindira, na Bernadina akamsomea siku zote arobaini na tatu, moja baada ya nyingine, bila haraka, naye akaziandika kwa kalamu ya bluu kwenye safu ya pili. Ilichukua nusu saa na vocha mbili. Walipofika zile siku nne za msiba, safu ya pili ilijaa. Ya kwanza haikujaa, na Salome hakuikisia. Juu ya ukurasa mpya aliipa jina: Dindira.

Nyumba ya mwisho ya laini ya chini sasa haina mtu. Mwaija amejenga banda laini ya juu, nyuma ya kipima mvua, na kamba za paa lake alizilowesha kwanza. Salome anapima saa tatu kamili, na saa tatu na dakika tano Bernadina anapiga.